Ugonjwa Hurithiwa, Dhambi Hairithiwi

Katika maswali ambayo watu wanaoichunguza dini ya Islam hutuuliza, liko moja lisilokoma kurudi: Ikiwa Mwenyezi Mungu ni Mwenye haki, kwa nini mtoto azaliwe na maradhi yaliyotoka kwa wazazi wake? Wengine huongeza swali la pili: Kama maradhi ya wazazi yaweza kumfikia mtoto, kwa nini dhambi zao nazo zisimfikie?

Maswali haya si ya vitabuni tu. Yamo majumbani mwa watu. Yamo hasa katika nyumba ambayo mume na mke wamekaa miaka mingi bila kupata mtoto, jamaa wameanza kunong'ona, na kila mmoja anatafuta wa kumlaumu. Mara nyingi lawama humwangukia mke, naye huachwa, au hudharauliwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, bila mtu yeyote kuuliza kama sababu imo kwake au kwa mumewe.

Ili maneno yetu yasiwe ya kubahatisha, tuchukue mfano mmoja wa kweli ambao elimu ya tiba imeueleza vizuri. Ni mfano wa maradhi ya kurithi yanayoharibu utaratibu wa madini ya shaba mwilini, na jinsi yanavyoweza kuugusa uzazi wa mwanamume.

SHABA KATIKA MWILI WA MWANADAMU

Shaba tunayoisema hapa ni ile ile ambayo watu hutengenezea nyaya za umeme na masufuria. Mwili wa mtu mzima una shaba ya karibu miligramu 100 tu, yaani uzito wa punje chache tu za mchele, na kila siku chakula humletea miligramu moja au mbili hivi. Kiasi hiki kidogo ni cha lazima. Bila shaba chembe hai za mwili haziwezi kutoa nguvu kutokana na chakula na hewa, wala vimeng'enya vinavyoulinda mwili na sumu zake wenyewe haviwezi kufanya kazi.

Lakini shaba hiyo hiyo ikizidi huwa sumu. Kwa hiyo Mwenyezi Mungu ameliweka ini kama mlinzi wa mlango. Ini hupokea shaba iliyotoka tumboni, huitoa kwa kipimo inapohitajika, na inayobaki huimimina katika nyongo ili itoke mwilini pamoja na kinyesi. Kurani Tukufu katika Sura Al-Qamar inatufundisha kwamba Mungu ameviumba vitu vyote kwa kipimo, na mwenye kutafakari habari hii ya shaba ataona kipimo hicho ndani ya mwili wake.

Mwaka 1912 daktari Samuel Alexander Kinnier Wilson, aliyekuwa akifanya kazi London, alieleza kwa ukamilifu ugonjwa unaowapata watu wa ukoo mmoja, ukawaharibu ini na ubongo pamoja. Ugonjwa huo ukaitwa kwa jina lake. Baadaye ilijulikana kwamba chanzo chake ni shaba iliyojikusanya mwilini, na mwaka 1993 wataalamu waligundua jeni yenyewe iliyoharibika, iitwayo ATP7B. Jeni hiyo ikiharibika, ini haliwezi kuitoa shaba katika nyongo. Shaba hujaa katika ini, kisha hufurika na kwenda katika ubongo, macho na viungo vingine. Mgonjwa huweza kutetemeka mikono, kushindwa kusema sawasawa, kubadilika tabia, au kuvimba tumbo kwa sababu ya ini lililoharibika. Wagonjwa wengi, hasa wale ambao ubongo wao umeguswa, huonekana pete ya rangi ya kahawia au kijani ukingoni mwa kioo cha jicho. Ugonjwa huu ni wa nadra: inakadiriwa humpata mtu 1 katika kila watu 30,000 hivi.

Upo na ugonjwa wa pili ulio kinyume cha huo, ambao daktari John Menkes na wenzake waliueleza Marekani mwaka 1962. Katika huo shaba haipiti kutoka matumboni kuingia mwilini, na mtoto huikosa kabisa. Huwapata zaidi watoto wa kiume, na wengi wao hufariki katika miaka ya kwanza ya utoto. Basi tunaona kwamba kuzidi ni maradhi na kupungua ni maradhi. Uzima uko katika kipimo.

JINSI UZAZI WA MWANAMUME UNAVYOGUSWA

Mwanamume mwenye ugonjwa wa Wilson ambaye hakutibiwa anaweza kupungukiwa na nguvu za uzazi kwa njia kadhaa. Ya kwanza ni ini. Kazi moja ya ini ni kusawazisha homoni, yaani vile vijumbe ambavyo tezi za mwili huvituma katika damu. Ini likijaa makovu, homoni ya kiume hupungua na homoni ya kike huzidi mahali pake. Hapo korodani huweza kusinyaa, matiti ya mwanamume huweza kuota, na mbegu za uzazi zikawa chache. Ya pili ni ubongo, ambao ndio unaotoa amri ya kwanza kwa korodani. Nao ukidhurika, amri hiyo huweza kudhoofika. Ya tatu ni shaba yenyewe. Ioni za shaba zikizidi huzifanya mbegu za kiume zishindwe kuogelea. Jambo hili linajulikana sana, maana ndilo linalotumika katika kitanzi cha shaba ambacho wanawake huwekewa hospitalini ili wasishike mimba.

Yafaa ikumbukwe hapa kwamba kukosa mbegu zenye nguvu si sawa na kuwa hanithi. Mwanamume anaweza kuwa mzima kabisa katika unyumba wake, sauti yake nzito na mwili wake wenye misuli, na huku mbegu zake hazifai kutunga mimba. Hakuna awezaye kujua hilo kwa kumtazama usoni, wala yeye mwenyewe hawezi kujua mpaka apimwe.

Tena tusizidishe maneno. Katika nyumba zisizo na watoto, zile ambazo sababu yake ni ugonjwa huu ni chache sana. Lakini madaktari wanakubaliana kwamba karibu nusu ya nyumba hizo zina sababu fulani upande wa mume, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Kwa hiyo desturi ya kumwita mke tasa kabla mume hajapimwa ni hukumu inayotolewa bila ushahidi, na Islam haikubali hukumu ya namna hiyo.

NANI MWENYE KOSA?

Sasa tutazame jinsi ugonjwa wa Wilson unavyorithiwa, maana hapa pana somo kubwa. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii: moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama. Nakala moja ikiwa mbovu na nyingine nzima, mtu huyo haugui hata kidogo. Anaishi, anaoa, anazeeka, na hajui kamwe kwamba amebeba kitu. Inakadiriwa kwamba karibu mtu 1 katika kila 90 yuko hivyo. Ugonjwa hutokea tu pale ambapo baba na mama wote wawili wameibeba nakala mbovu na mtoto akazipokea zote mbili. Katika kila mimba yao, bahati ya jambo hilo ni 1 katika 4.

Basi ukoo wa mume ukisema ugonjwa umeletwa na mama, wamekosea; na ukoo wa mke ukisema umeletwa na baba, nao wamekosea. Wote wawili wametoa sawasawa, na wote wawili hawakujua. Hapana uchawi, hapana laana ya mizimu, hapana zinaa iliyofichwa.

Kuna tukio katika maisha ya Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. ambalo Bukhari na Muslim wote wawili wamelieleza. Bedui mmoja wa kabila la Fazara alimwendea Mtume s.a.w. akimshuku mkewe, kwa sababu amezaa mtoto mweusi asiyefanana na baba yake. Mtume s.a.w. hakumkaripia, wala hakuikubali shaka yake. Alimuuliza kama ana ngamia, na rangi zao ni zipi. Bedui akajibu kwamba ni wekundu. Akamuuliza kama hayumo hata mmoja mwenye rangi ya kijivujivu. Akakiri kwamba wamo. Akamuuliza rangi hiyo imetoka wapi, naye bedui akasema huenda ni mshipa wa asili ya zamani umeivuta. Hapo Mtume s.a.w. akamwambia kwamba huenda mtoto wake naye amevutwa na mshipa wa namna hiyo hiyo.

Wapenzi wasomaji, fikirini jambo hili. Zaidi ya miaka 1,200 kabla elimu ya urithi haijaanzishwa, Mtume wa jangwani alimfundisha mtu asiyejua kusoma kwamba kitu chaweza kufichika katika ukoo kizazi baada ya kizazi, kisha kikadhihirika bila kosa la yeyote. Na faida ya kwanza aliyoitoa katika elimu hiyo ilikuwa kumlinda mwanamke na tuhuma ya mumewe.

JE, DHAMBI NAYO HURITHIWA?

Tunarudi sasa katika swali la pili. Wako ndugu zetu wa dini nyingine wanaoamini kwamba dhambi ya Adamu imeingia katika damu ya wanadamu wote, na husema kwamba maradhi ya kurithi ni ushahidi wa imani hiyo. Kwa heshima zote tunawaomba wautazame mfano huu vizuri zaidi, kwani ushahidi wake uko kinyume.

Kwanza, jeni iliyoharibika hupita bila mtu kuitaka wala kuijua. Dhambi haiwi dhambi ila kwa kujua na kukusudia. Kitu kisicho na kusudi chaweza kuwa msiba, lakini hakiwezi kuwa hatia. Daktari hamwambii mgonjwa wa Wilson kwamba ana kosa. Humwambia kwamba ana ugonjwa. Je, Mungu awe na insafu pungufu ya daktari? La, hasha!

Pili, hata ugonjwa wenyewe haumpati kila mtoto. Katika watoto wa wazazi hao wawili wenye kuibeba, yupo aliye mgonjwa, wapo walioibeba bila kuugua, na yupo aliye safi kabisa. Lakini inadaiwa kwamba dhambi ya asili imempata kila mtu bila kubakisha hata mmoja. Basi mfano hauendani na madai.

Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, mgonjwa haponi kwa sababu mtu mwingine amemeza dawa kwa niaba yake. Lazima ameze yeye mwenyewe, kila siku, kwa utii na subira. Hali kadhalika roho husafika kwa toba na matendo ya mwenyewe, kwa rehema ya Mungu. Kurani Tukufu imekariri katika sura mbalimbali, mojawapo Sura An-Najm, kwamba hakuna nafsi itakayobebeshwa mzigo wa nafsi nyingine, na kwamba mtu hupata kwa juhudi yake. Adamu a.s. mwenyewe alitubu na akasamehewa. Deni lililokwisha kufutwa, watoto watalilipa vipi?

KWA NINI BASI PANA SHERIA YA URITHI?

Mtu ataweza kusema: Tumekubali kwamba mtoto hana hatia. Lakini maumivu yake ni ya kweli. Kwa nini Mungu ameiweka sheria hii?

Jibu letu ni kwamba sheria inayopitisha nakala mbovu ndiyo hiyo hiyo inayopitisha macho ya kuona, ulimi wa kusema, na akili ya kumtambua Muumba. Watoto wengi mno huzaliwa wazima kwa sheria hiyo, na wala hatuulizi kwa nini. Mtu anayetaka sheria ya urithi iondolewe anataka binadamu asizae binadamu. Tena Mungu hakumwacha mgonjwa peke yake. Ameweka akili ya kutafuta dawa, na ameweka dawa ya kupatikana. Na kwa yule aliyeumia bila dawa kumfikia, Islam inatufundisha kwamba maisha haya si mwisho wa hesabu. Iko Akhera, ambako hakuna machozi yatakayopotea bila malipo.

Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, ametufundisha kwamba Neno la Mungu na Kazi ya Mungu haviwezi kupingana, kwa sababu vimetoka kwa Mmoja. Na katika hotuba yake mashuhuri iliyosomwa Lahore mwezi Desemba 1896, ambayo sasa ni kitabu kiitwacho Falsafa ya Mafundisho ya Kiislamu, ameeleza jinsi hali ya mwili inavyoathiri hali ya roho. Ugonjwa huu ni ushahidi wa jambo hilo. Mtu mpole huweza kugeuka mwenye hasira kwa sababu ya shaba iliyoingia ubongoni, na watu wakadhani amepagawa na jini. Muumini anayejua hivi hatakimbilia kwa mganga wa ramli, bali atampeleka mgonjwa wake hospitalini, na kumwombea.

KADARI NA DAWA

Wengine husema: Kama Mungu ameniandikia kutozaa, kupimwa kwafaa nini? Ni kweli kwamba Kurani Tukufu katika Sura Ash-Shura inasema kuwa Mungu humpa amtakaye watoto wa kike, humpa amtakaye wa kiume, humchanganyia mwingine, na humfanya amtakaye kuwa tasa. Lakini aya hiyo haimwambii mtu akae kitako. Hazrat Umar r.a. alipokuwa njiani kwenda Shamu akapata habari ya tauni, aliamua kurudi. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwamba anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Na Mtume s.a.w. amewahimiza wafuasi wake wajitibu, akafundisha kwamba Mungu hakuteremsha ugonjwa bila kuteremsha dawa yake.

Ugonjwa wa Wilson umetimiza maneno hayo mbele ya macho yetu. Kwa miaka mingi ulikuwa ukiua kila aliyeupata. Mwaka 1956 daktari wa Kiingereza John Walshe alitangaza matumizi ya penisilamini, dawa inayoikamata shaba na kuitoa kwa mkojo. Baadaye zikaja trientini, na madini ya zinki yanayoizuia shaba isipite matumboni. Leo mgonjwa aliyegunduliwa mapema na kuidumisha dawa yake maisha yake yote anaweza kuishi miaka mingi kama watu wengine, na wako wanaume waliotibiwa wakaoa na kupata watoto. Mgonjwa huagizwa pia kupunguza vyakula vyenye shaba nyingi, kama maini, chaza, korosho, uyoga na chokoleti. Asiiache dawa yake kwa mawazo yake mwenyewe, hata kwa kutamani mtoto, kwani kuiacha kwaweza kumwua. Amshauri daktari wake kwanza.

WAJIBU WETU

Kutokana na hayo, yako mambo matatu ambayo muumini anapaswa kuyashika.

Jambo la kwanza ni la mume. Nabii Zakariya a.s., alipoomba mtoto katika maombi yaliyomo katika Sura Maryam, alianza kwa kuutaja udhaifu wake mwenyewe: mifupa yake iliyodhoofika na kichwa chake kilichojaa mvi. Ndipo akataja utasa wa mkewe. Hakumfukuza mke huyo, bali aliomba pamoja naye katika hali ile ile, na Mungu akamponya mkewe, wakapewa Yahya a.s. Mume anayeona haya kupimwa, na huku yu tayari kumtangaza mkewe kuwa tasa, hajafuata mwendo wa Manabii. Huko si kulinda heshima. Ni kumtwika mtu asiye na hatia mzigo usiokuwa wake.

Jambo la pili ni la ukoo. Akigunduliwa mmoja kuwa na ugonjwa wa Wilson, ndugu zake wa baba mmoja na mama mmoja wapimwe wote, hata wasiohisi lolote, kwa sababu kila mmoja wao ana bahati 1 katika 4 ya kuwa nao, na dawa ikianza mapema huzuia madhara. Kuificha habari hiyo kwa kuogopa aibu ni kumnyima ndugu uhai wake. Na ikumbukwe kwamba ndoa za binamu zimeruhusiwa, lakini hazikuamrishwa. Ukoo unaojua kwamba umebeba maradhi ya namna hii ufanye busara kutafuta ushauri kabla ya kufunga ndoa. Kusema kweli mbele ya ndoa ni katika qaul sadid, yaani neno lililonyooka, ambalo limo katika aya zinazosomwa kwenye hotuba ya nikahi.

Jambo la tatu ni la wale ambao, baada ya dawa na dua, bado hawakujaliwa mtoto. Maadui wa Makka walimcheka Mtume wetu s.a.w. wakimwita mkiwa asiye na mrithi, kwa kuwa wanawe wa kiume walifariki wangali wadogo. Mungu akamjibu katika Sura Al-Kauthar kwamba amempa wingi wa heri, na kwamba anayemchukia ndiye mwenye kukatikiwa. Hazrat Aisha r.a. hakuzaa mtoto hata mmoja, lakini umma wote humwita mama, na hadithi tulizopokea kwake haziishi kufundishwa. Ikiwa heshima ya mtu ingekuwa katika mbegu zake, wangeheshimiwa waovu wengi wenye wana kumi. Heshima iko katika taqwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape watoto wema wanaowatamani, na awape wasiojaliwa subira iliyo bora kuliko walichokikosa. Atuondolee ulimi wa kulaumu, atupe badala yake moyo wa kujua na kuhurumia. Amin.